Barua ya wazi kwa Tume na vyama: tuonyesheni hulka ya mtu kabla ya kutuletea picha yake

Kwa Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Msajili wa Vyama vya Siasa, na wenyeviti na makatibu wakuu wa vyama vyote vyenye usajili wa kudumu.

YAH: KUPIMWA KWA HULKA YA WAGOMBEA URAIS NA WAGOMBEA WENZA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu, kama tulivyozoea kuandikiana maofisini.

Mimi ni afisa utumishi mstaafu, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuajiri watu, kushughulikia vyeo vyao, kuandaa hati za mashtaka ya kinidhamu na, mara nyingi kuliko nilivyopenda, kusikiliza malalamiko ya watumishi dhidi ya wakubwa wao. Sina kadi ya chama chochote. Naandika mapema kwa makusudi, kwa kuwa mwaka 2030 kiti cha urais kitakuwa wazi: Ibara ya 40 ya Katiba inamruhusu Makamu wa Rais aliyemalizia kipindi cha mtangulizi wake kwa miaka mitatu au zaidi kugombea mara moja tu, na Rais Samia Suluhu Hassan ameshaitumia mara hiyo. Vyama vyote, kikubwa na vidogo, vitakuwa vinatafuta mtu mpya kwa wakati mmoja. Mtu huyo hajashuka bado kutoka mbinguni. Yupo leo kwenye ofisi fulani, anawatendea walio chini yake hivi au vile, na wapo wanaomwona.

Nianze na sheria, kwa sababu nimeishi kwa kuisoma. Ibara ya 39 inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa, awe na sifa za kuwa mbunge, na asiwe ametiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Sifa za mbunge nazo, kwa upande wa elimu, zinadai ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Baada ya hapo anatafuta wadhamini 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, angalau miwili ikiwa ya Zanzibar. Kijana anayeomba ukarani serikalini hufanya kwanza usaili wa kuandika, akipita huitwa kwenye usaili wa mahojiano mbele ya jopo lisilomjua, na akijibu kwa jeuri anakosa kazi hata kama vyeti vyake vinameremeta. Hata mlinzi wa getini hapa mtaani kwetu huombwa barua ya serikali ya mtaa. Kwa cheo kikubwa kuliko vyote, hatua ya usaili haipo.

Ingekuwa jambo dogo kama Rais wetu angefungwa kamba pande zote. Lakini Ibara ya 37 inasema kwamba katika kazi zake Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale tu Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Ibara ya 36 inamkabidhi madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi, na ya 45 inampa uwezo wa kuwasamehe waliohukumiwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kukiri kwamba Katiba ya wakati wake ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Wengi huikumbuka kauli hiyo kama ushahidi wa unyenyekevu wake. Mimi huisoma kwa jicho la masijala: mwenye mamlaka anakiri kwa kinywa chake kwamba breki iliyokuwa ikimshika ni hulka yake. Na kwa kuwa kura ya maoni ya Katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na mpaka leo hatujaipiga, breki bado ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, hoja yangu ni moja. Maadamu mfumo wetu unamwachia mtu mmoja kuamua ni lini amsikilize mshauri na ni lini ampuuze, hulka ya mtu huyo ni suala la umma, na ninyi mnaomleta kwetu mna wajibu wa kutuonyesha ushahidi wake. Mpaka sasa mnatuonyesha picha.

Nakumbuka kampeni za 2015, ambapo mgombea alipiga pushapu jukwaani na umati ukashangilia, na upande wa pili watu wakabishana kuhusu afya ya mpinzani wake kwa kutazama mikono yake. Tulipima misuli. Mwaka huo huo makada 42 walichukua fomu ndani ya Chama Cha Mapinduzi na 38 wakazirudisha. Julai, vikao vya Dodoma vikawachuja hadi tano bora, kisha tatu bora, kisha mmoja, na yale ambayo vikao viliyajua kuhusu tabia za waliokatwa na aliyebaki yakabaki ndani ya vikao. Upinzani nao ulimpokea mgombea wake mwishoni mwa Julai na kumpitisha siku chache baadaye, muda usiotosha hata kumpeleleza mpangaji wa chumba kimoja. Sisemi kwamba yeyote kati yao hakufaa. Nasema sisi wapiga kura hatukupewa nafasi ya kujua.

Na sisi wenyewe si wasafi. Aprili 2016, siku ya kuzindua daraja la Kigamboni, Rais alimsimamisha kazi mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam palepale mbele ya umati, na umati ukapiga makofi. Mimi niliyetumia ujana wangu kuwafundisha wakuu wa idara kwamba mtumishi hupewa tuhuma kwa maandishi na muda wa kujitetea, nilikuwa nimeketi mbele ya runinga, nami nikapiga makofi. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, kwa upole wake, kama angekuwa ni mimi nimesimama pale ningetaka nani apige makofi. Tunaupenda ukali wakati unamwangukia mwingine. Ndiyo sababu neno «mkali» limekuwa sifa ya kampeni, na neno «mpole» pia, kila moja kwa msimu wake, ilhali yote mawili hayatuelezi mtu atafanya nini saa nane usiku simu ikilia.

Naomba nitofautishe mambo ambayo majukwaani huchanganywa. Uadilifu wa mali una chombo chake. Viongozi hujaza tamko kwa Sekretarieti ya Maadili, na tamko hilo huhesabu viwanja na akiba za benki. Hulka ni kitu kingine. Ni namna mtu anavyoipokea habari mbaya, anavyomtendea asiye na uwezo wa kumdhuru, na anavyokuwa siku anapoambiwa hapana. Mtu anaweza kuwa hajaiba hata senti moja na bado akawa hafai kuachiwa watu.

Nitatoa mfano kutoka kazini kwangu, bila kuitaja ofisi. Tuliwahi kumsaili bwana mmoja kwa nafasi ya ukurugenzi. Vyeti vyake vilikuwa safi, na mbele ya jopo alizungumza vizuri kuliko sisi tuliokuwa tukimsaili. Ilikuwa desturi yangu kumwuliza pia dereva, kwa kuwa dereva humwona bosi katika saa ambazo bosi hajivalishi. Dereva wake wa zamani alisema: «Ni mtu mzuri. Ila akinyamaza garini asubuhi, najua kabla ya jioni kuna mtu atalia.» Tulicheka, tukampitisha. Haukupita mwaka na nusu nikawa na maombi saba ya uhamisho mezani, na mkaguzi akagundua upungufu wa stoo ambao watu wanne walikuwa wakiujua kwa miezi. Niliwahoji mmoja mmoja kwa nini walinyamaza. Wote walijibu kitu kile kile kwa maneno tofauti: nani angeingia kumwambia? Bwana yule hakuwa mwizi wala mzembe, alifika kazini kabla ya wote. Hasira yake tu ilikuwa imejenga ukuta, na nyuma ya ukuta ule ofisi ikawa inaoza huku yeye akiletewa taarifa nzuri kila Jumatatu.

Hilo ndilo ninaloliogopa Ikulu kuliko rushwa. Kiongozi mwenye jaziba huanza kwa kuwatisha waovu, na hilo tunalipenda. Kisha huwatisha wazembe, tunalipenda pia. Halafu siku moja huwa amewatisha wakweli, na hatuoni ilipotokea kwa sababu wakweli wakinyamaza hawapigi kelele. Kwa miaka mingi utumishi wa umma ulimpima mtu kwa taarifa za siri alizoandika mkubwa wake, mpaka mwaka 2004 tulipoanza kutumia OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji, ili mtumishi aone anavyopimwa na kutia saini. Hata mfumo huo ulitazama kutoka juu kwenda chini. Walio chini hawakuulizwa kuhusu mkubwa wao, isipokuwa na watu wadadisi kama mimi, kwenye benchi la madereva.

Wazee wa pwani, kwa kweli, walikuwa na njia bora kuliko yetu ya maofisini. Posa ikiletwa, jibu halitoki siku hiyo hiyo. Anatumwa mtu mzima, mara nyingi shangazi mwenye macho, kwenda mtaa anakoishi kijana. Hamwulizi kijana; kijana atasema nini zaidi ya kujisifu? Anamwuliza mwenye duka anayemkopesha, anawauliza wapangaji wenzake, na kama aliwahi kuoa anatafuta njia ya kumfikia mke aliyeachwa, ili asikie waliachana vipi. Swali la mwisho ndilo zito, maana kila mtu huwa mwema wakati wa kuoa. Kwa ajili ya binti tunampeleleza mkwe mwezi mzima, na nchi tunaiacha iposwe kwa fulana na kanga.

Mkitaka kujua ushahidi wa hulka unafananaje, mnao katika historia yetu. Katika miaka ya 1970, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa mikoa ya Shinyanga na Mwanza waliteswa mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake, na baadhi wakafa. Hakuwatesa yeye. Aliandika barua akajiuzulu, baadaye akaenda kuwa balozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Yeyote aliyetaka kujua mtu huyu atajificha nyuma ya walio chini yake au la, alikuwa na jibu miaka mingi kabla. Sisemi kwamba hulka njema inamaliza kila kitu. Wapo waliomlaumu Mwinyi, Mzee Ruksa kama tulivyomwita, kwa upole uliopitiliza, na Mwalimu mwenyewe aliikosoa serikali ya Mwinyi hadharani. Lakini tulikuwa tunajua tunampa nani.

Majirani zetu Kenya wamejaribu njia nyingine. Februari 2013 waliwaweka wagombea wote wanane kwenye mdahalo mbele ya runinga. Mwaka 2017 Rais aliyekuwa madarakani hakutokea, na Raila Odinga akazungumza peke yake. Mwaka 2022 Raila ndiye hakutokea, na William Ruto akabaki jukwaani na mahali patupu pembeni yake. Hapo mnaona kasoro ya jambo la hiari: anayejiona yuko mbele huhesabu hasara na kubaki nyumbani. Hata hivyo mtihani mkubwa wa hulka haukuwa studio. Ulikuja Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Alitangaza kwamba hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu, na siku ile ile sokoni Burma akawaita majaji «wakora». Mimi hulitafakari tukio hilo kwa pande zake zote mbili. Alitii, na uchaguzi ukarudiwa. Alitukana pia. Mwananchi aliyeona yote mawili anajua kitu kuhusu mtu huyo ambacho ilani ya kurasa mia mbili isingemwambia.

Sasa, najua woga wenu, na una msingi. Mkifungua mlango wa kupima tabia, wataingia na wambea. Tutaanza kuhesabu ndoa za watu, dini zao, makabila yao, na kuhusu mgombea mwanamke tutasikia tena ule upuuzi kwamba hana moyo mgumu, kana kwamba moyo mgumu ndio tuliopungukiwa. Hata wasomi huteleza. Mwaka 1964 nchini Marekani jarida moja liliwaandikia madaktari wa akili 12,356 likiwauliza kama Barry Goldwater, mgombea wa chama cha Republican, anafaa kisaikolojia kuwa Rais. 1,189 walijibu kwamba hafai, ingawa hawakuwa wamempima. Goldwater alilishitaki jarida hilo akashinda, na mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikaweka kanuni ya kuwakataza kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu akili ya mtu maarufu wasiyempima. Kwa hiyo siombi daktari atuambie mgombea ana ugonjwa gani, wala simwombi mtu aingie chumbani kwa mwenzake. Naomba matendo ya ofisini, yenye tarehe na mashahidi.

Wala siandiki katika wakati wa kawaida. Tuliokuwa Dar es Salaam kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, tukiwa ndani kwa amri ya kutotoka usiku na intaneti ikiwa imezimwa, tunajua kwamba watu walipoteza maisha, na kidonda hicho ni kikubwa kuliko barua hii. Nachukua mambo mawili tu yanayohusu somo langu. La kwanza ni kwamba vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea kwenye karatasi ya urais. Na mtu hupimwa kwa kulinganishwa, hivyo jopo lililowazuia waombaji wenye nguvu wasiingie chumbani haliwezi kusema limefanya usaili, hata kama viti vingine vimejaa. La pili ni kwamba katika siku kama zile maamuzi hayasubiri semina wala washauri. Anayeamua huamua kwa kile alichokuwa nacho kabla ya kuapishwa.

Ninyi vyama mna uwezo wa kulifanya hili kesho bila sheria mpya. Mkishampata mtu, chapisheni orodha ya ofisi zote alizoshika na namna alivyoondoka katika kila moja, pamoja na maamuzi yake yaliyotenguliwa na mahakama au na wakubwa wake, na alifanya nini baada ya kutenguliwa. Wawekeni mbele ya wanachama watu watatu au wanne waliofanya kazi chini yake, wateuliwe bila yeye kuwachagua, waseme kwa uhuru na bila hofu ya kukosa kazi. Na acheni kuliita kila swali la tabia kuwa ni matusi kwa mgombea. Nimesoma mashauri ya kutosha kujua tusi linafananaje.

Kwako Mwenyekiti wa Tume, ombi langu ni mahojiano ya lazima, ya moja kwa moja, kwa kila mgombea aliyeteuliwa, yakirushwa na redio na runinga zote kwa wakati mmoja, na kwamba asiyefika ajulikane hakufika, bila visingizio vya ratiba ya kampeni. Maswali yasiwe ya ilani peke yake. Aulizwe ni lini mara ya mwisho alibadili uamuzi kwa sababu mdogo wake kazini alimwonyesha kosa, na amtaje kwa cheo huyo aliyemwonyesha. Aulizwe yeye mwenyewe amewahi kumwomba nani radhi. Katika saili zangu, asiyekuwa na jibu la maswali haya hutazama dari, na ile dari ilinisaidia kuliko vyeti. Kwako Msajili, ombi ni dogo: kanuni za vyama ziutake uteuzi wa mgombea urais uache muda wa kutosha kati ya kupendekezwa na kupitishwa, ili wananchi wapeleleze.

Yote haya yamhusu mgombea mwenza kwa uzito ule ule. Machi 17, 2021 Rais John Magufuli alifariki dunia, na Machi 19 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa hapa hapa Dar es Salaam. Kwa siku mbili hizo niliwauliza majirani zangu, watu makini wanaosoma magazeti, wanachokijua kuhusu namna anavyofanya kazi, si sura yake wala anakotoka. Wengi walisema ni mpole, wakanyamaza. Tulikuwa tumempigia kura mara mbili, 2015 na 2020, bila kumwuliza swali hata moja, kwa sababu jina lake lilikuwa la pili kwenye karatasi.

Nipo tayari kuitwa mbele ya kamati yoyote itakayoandaliwa, kwa nauli yangu mwenyewe, na nikiitwa nitaomba nije na yule dereva, ambaye naye amestaafu na anaishi Mbagala.

Naomba kuwasilisha.

Afisa utumishi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam.